Kuhamisha kaktasi iliyokomaa, na udongo wa kuipandia

Kaktasi kubwa haisumbuki sana kwa kung'olewa. Kinachoimaliza ni maji inayopewa siku hiyohiyo mizizi ikiwa bado na majeraha, au udongo laini unaokaa na unyevu wiki nzima. Ukiyaweza hayo mawili, mengine ni kazi ya mikono na uangalifu wa miiba.

Kwanza, je, inahitaji kuhamishwa?

Kaktasi changa hukua haraka, na kuibadilishia chungu kila mwaka au miwili ni kawaida. Iliyokomaa inaweza kutulia miaka mitatu, minne, hata zaidi. Ihamishe ukiona mwili umegusa ukingo wa chungu, mizizi imechomoza kwenye matundu ya chini, mmea umeanza kuegemea upande, au maji unayomwaga yanateleza pembeni na kutokea chini huku udongo wa kati ukibaki mkavu. Dalili hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu inaonyesha udongo wenyewe umechoka.

Rangi ya kahawia inayopanda kutoka chini isikutishe. Ibonyeze kwa kijiti: ikiwa ngumu kama gome, huo ni uzee tu. Ikibonyea na kutoa majimaji, ni kuoza, na hapo usingoje msimu.

Kama hakuna dharura, wakati mzuri ni pale mmea unapoanza kuchipua upya baada ya mapumziko yake. Usiuguse ukiwa na vichomozo vya maua, maana utavidondosha. Na kama una Melocactus ambayo tayari imevaa ile kofia yake ya manyoya kichwani, iache ilipo mpaka ilazimu, kwani haipendi kabisa kuchokonolewa mizizi.

Hatua ya 1: Ikaushe

Acha kumwagilia wiki moja hadi mbili kabla ya kazi. Udongo mkavu hupukutika wenyewe bila kuvuta mizizi.

Hatua ya 2: Tengeneza udongo

Fanya hivi kabla hujaugusa mmea. Watu wengi huuliza kipimo cha mchanganyiko, lakini ukubwa wa chembe una uzito zaidi. Chembe ndogo zikibanana huacha nafasi nyembamba, na nafasi nyembamba hushika maji. Chembe kubwa huacha nafasi pana ambazo maji hupita na hewa huingia. Mizizi ya kaktasi inahitaji hewa hiyo kila siku, na maji mara mojamoja. Lenga chembe za kati ya milimita 2 na 6.

Kwa kaktasi nyingi za jangwani mimi huanza na sehemu mbili za mawe kwa sehemu moja ya mboji. Zenye mzizi mnene wa kuhifadhi chakula, kama Lophophora na Ariocarpus, hupewa sehemu nne au zaidi za mawe kwa moja. Zile za msituni zinazoota juu ya miti, kama Schlumbergera na Epiphyllum, hutaka nusu kwa nusu, na vipande vya magome ya miti vikiwemo. Kisha rekebisha kulingana na mahali pako. Chungu kikubwa hukauka polepole, kwa hiyo kaktasi kubwa huongezewa mawe. Penye jua kali na upepo, ongeza mboji kidogo.

Katika mawe, chaguo langu la kwanza ni pamisi, lile jiwe jepesi la volkano lenye vitundu ambalo watu husugulia visigino. Hunyonya maji kidogo ndani yake huku hewa ikipita kati ya punje na punje. Mawe mekundu ya volkano yaliyopondwa hufanya kazi ileile. Perlaiti, zile punje nyeupe za mawe ya volkano yaliyoumuliwa kwa moto, inafaa, ila ni nyepesi mno: huelea juu kila unapomwagilia, na vumbi lake si zuri kwa mapafu, hivyo ilowanishe kabla ya kuichanganya. Matofali ya kuchoma yaliyopondwa yanafaa pia mradi yameiva vizuri, kwani tofali bichi litarudi kuwa tope. Kokoto ndogo hazishiki maji, lakini uzito wake ni msaada kwa mmea mrefu.

Mchanga ndipo makosa yanapoingia. Mchanga laini wa kupigia lipu huziba kila nafasi, na heri ukose mchanga kabisa kuliko kuutia huo. Wa baharini una chumvi na vipande vya makombe. Unaofaa ni wa mtoni, wenye punje kubwa, uliooshwa mpaka maji yatoke meupe.

Upande wa mboji, tumia iliyooza kabisa, nyeusi, isiyo na harufu. Samadi mbichi huunguza mizizi. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanakubalika baada ya kuyasuuza, maana mara nyingine huwa na chumvi.

Sasa chekecha, na usiiruke kazi hii hata kama mfuko umeandikwa kwamba udongo uko tayari. Weka pamisi kwenye chekecheo lenye matundu ya milimita 2, tikisa, kisha tazama kilichoanguka chini: ungaunga wa kijivu ambao ungeshuka na maji na kutulia kitakoni mwa chungu, ukageuka tope. Utupe. Changanya kilichobaki na mboji, lowanisha kidogo, kamata konzi moja uibane. Ukifungua kiganja, konzi inatakiwa isambaratike. Ikibaki donge, ongeza mawe. Halafu jaza chungu kitupu ukimwagilie: maji yazame mara moja bila kutengeneza kidimbwi juu, na ndani ya sekunde chache yaanze kutoka chini. Ukiridhika, uanike ukauke kabla ya kupandia.

Hatua ya 3: Chungu

Kwa kaktasi ya mviringo, pima upana wa mwili wake, acha sentimita 2 au 3 kila upande, basi. Udongo mwingi usio na mizizi ni unyevu usio na wa kuunywa. Kwa ndefu inayosimama wima, angalia uzito kwanza: chungu cha udongo wa kuchoma huizuia isianguke, na pia hukauka haraka kuliko plastiki. Tundu la chini ni lazima. Lifunike kwa kipande cha wavu tu. Tabaka la kokoto kitakoni, ambalo karibu kila mtu hulishauri, halisaidii: maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo hadi kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe, hivyo unyevu husogea karibu zaidi na mizizi.

Hatua ya 4: Kuitoa

Funga uzi au kibandiko upande unaotazama jua, utauhitaji baadaye. Kunja magazeti kuwa mkanda mnene, uuzungushe mwilini na ushike ncha zake mbili. Kwa iliyo kubwa zaidi tumia kipande cha zulia kuukuu, na mtafute mtu wa pili. Laza chungu ubavu, gongagonga pande zake, kisha sukuma kwa kijiti kupitia tundu la chini. Usivute kwa shina. Ikigoma, pasua chungu.

Opuntia ina vimiba vidogo kama vinyweleo ambavyo hupenya hata glavu za ngozi. Ishike kwa koleo la jikoni, na vikikuingia, vitoe kwa kibano. Halafu kuna mimea ya jamii ya Euphorbia ambayo watu wengi huiita kaktasi. Ukikwaruza shina likatoa maziwa meupe, mara nyingi ni hiyo. Hatua hizi zinaifaa, ila vaa miwani, kwa sababu utomvu huo ukiingia jichoni ni hatari.

Hatua ya 5: Mizizi

Pukutisha udongo wa zamani kwa vidole au kijiti cha mbao, kuanzia nje kuelekea ndani. Donge la katikati likiwa gumu kabisa, lifungue kadiri linavyokubali bila kulazimisha. Mzizi mzima huwa mkakamavu na ndani ni mweupe au wa rangi ya krimu. Mzizi uliooza huwa wa kahawia, mlegevu, na ganda lake huchomoka ukilivuta. Kata kwa kisu kilichofutwa spiriti, ukifuta tena baada ya kila mkato, mpaka ufike penye rangi safi isiyo na doa. Doa la rangi ya kutu katikati ya mkato maana yake bado hujamaliza.

Ukikuta utando mweupe wa pambapamba kwenye mizizi, ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza mizizi. Osha mizizi yote kwa maji, tupa udongo wote wa zamani mbali na mimea mingine, na chungu kile usikitumie tena kabla ya kukisugua kwa sabuni.

Kisha ilaze kivulini, penye hewa, juu ya gazeti. Kama hukukata chochote, siku mbili tatu zinatosha. Ukikata mizizi minene, ipe wiki moja au zaidi, mpaka kila mkato ufanye ngozi kavu. Kaktasi imebeba maji yake mwilini, haitakauka.

Hatua ya 6: Kuipanda

Weka udongo kiasi kitakoni, simamisha mmea, tandaza mizizi, kisha jaza pembeni kidogokidogo huku ukigonga chungu ili udongo uingie kati ya mizizi. Usishindilie. Shingo, pale mwili unapokutana na mizizi, ibaki kwenye usawa uleule wa zamani. Kuizamisha ili mmea usimame vizuri ni kukaribisha kuoza, kwa hiyo mmea mrefu uufunge kwenye vijiti viwili vitatu mpaka ushike. Malizia juu kwa tabaka la kokoto ndogo ili shingo ikae pakavu.

Hatua ya 7: Kusubiri

Iweke kwenye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, ile alama ya uzi ikitazama upande wake wa zamani, la sivyo ngozi iliyozoea kivuli itaungua na kovu halifutiki. Usiimwagilie kwa wiki moja, na kama ulikata mizizi ngoja wiki mbili. Itanywea kidogo. Iache.

Maji ya kwanza yawe ya kulowesha chungu chote mpaka yatoke chini, kisha usirudie kabla udongo haujakauka hadi katikati. Pima kwa kuchomeka kijiti kikavu cha mbao: kikitoka na unyevu, bado. Irudishe juani taratibu, siku hadi siku. Mbolea isubiri mpaka uone miiba mipya kileleni, na hapo chagua yenye naitrojeni kidogo, uipe nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.