Bustani ya Mtwara kwa aliyetoka baridini

Somo hili ni la sisi tuliohamishiwa huku kutoka Njombe, Makete na kwingine kwenye baridi. Nilishuka na mbegu za kabichi, karoti na njegere, pamoja na mkono uliozoea kuinua matuta. Nikainua manne marefu nyuma ya nyumba, Ligula, hapa Mtwara mjini. Bibi wa jirani akasimama, akayatazama, akauliza: "Mjukuu wangu, makaburi haya ya nani?" Wiki mbili baadaye nikamwelewa. Mchanga wa huku ukiuinua, maji yanapita kama kwenye chujio, halafu upepo wa kusi unamalizia kilichobaki.

Hatua ya 1: Chimba kwenda chini
Hii ndiyo kubwa. Kitanda kiwe na upana wa mita 1, mkono ufike katikati bila kukanyaga. Chimba futi moja, udongo wa juu uuweke pembeni. Chini tandika makumbi ya nazi yaliyolowekwa usiku kucha. Yanashika maji kama sponji na huku hayana bei. Changanya ule udongo na samadi iliyooza, kama ndoo mbili kwa kila mita ya mraba, urudishe. Kitanda kibaki chini ya usawa wa ardhi kwa upana wa kiganja. Ila kama kiwanja chako kipo bondeni kwenye mfinyanzi, masika yatakugeuzia kitanda kuwa bwawa. Hapo tuta lako la Njombe linafaa.

Hatua ya 2: Sahau kalenda ya kwenu
Mvua za huku ni msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili. Usikimbilie nyanya wakati huo: joto la usiku linapukutisha maua, na unyevu unaleta magonjwa ya majani. Nyanya, chainizi na karoti zingoje Juni hadi Agosti, miezi ileile ambayo kwetu baridi inaunguza viazi. Lakini uwe na maji, maana mvua hakuna.

Hatua ya 3: Anza na wenyeji
Bamia, nyanya chungu, biringanya, kunde, tembele. Mchicha unauchuma ndani ya wiki tatu au nne, unakupa moyo. Mhogo mmoja uzioni kwa ajili ya kisamvu. Njegere achana nazo.

Hatua ya 4: Kivuli na maji
Kitalu kifunike kwa chanja ya makuti, uyapunguze kidogo kidogo miche ikikomaa. Mwagilia alfajiri au jioni. Tandaza majani makavu, lakini yasiguse shina, kwa sababu mchwa watayafuata.

Maswali ya wanakikundi

Dada wa Mikindani: Maji ya kisima changu yana chumvi. Nife moyo?
Hapana, dada. Maharage na karoti hazitayaweza, ila spinachi inavumilia. Mwagilia mengi kwa mara moja, usinyunyize kidogo kidogo, chumvi ishuke chini ya mizizi. Mvua zikija zitausafisha udongo.

Kaka wa Nachingwea: Jirani anapuliza salfa kwenye mikorosho, vumbi linatua kwenye matango yangu.
Pole. Salfa ni dawa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kwenye mikorosho, huwezi kumkataza. Lakini jua likiwa kali inababua majani ya matango na maboga. Elewana naye akuambie siku ya kupuliza, ufunike kitanda kwa turubai asubuhi hiyo. Mboga zioshe vizuri kabla ya kupika.

Mama wa Newala: Maganda ya korosho yanafaa kutandaza?
Yale magumu ya kokwa hapana, mama. Yana mafuta yanayounguza ngozi, siyaamini karibu na miche. Majani makavu ya mkorosho tumia.

Mwalimu mgeni wa Lindi: Na kabichi zako ziliishia wapi?
Zilitoa majani mapana, zikakataa kufunga. Nikampelekea bibi, akayapika kama sukuma, akasema matamu. Ukitaka za kufunga, tafuta mbegu chotara inayostahimili joto, sia kitaluni Mei, hamisha Juni. Mimi nanunua sokoni, zile zinazoshushwa na lori kutoka kwetu.