"Wewe wa nani?": namna ya kuandika riwaya ya Kikristo ya Rabai na Freretown

Katika Mombasa ya karne ya 19, swali "Wewe wa nani?" lilibeba maana mbili kwa mpigo: wewe ni mtoto wa nani, na wewe ni mtumwa wa nani. Riwaya ya Kikristo ya Rabai au Freretown, vituo vya misheni karibu na Mombasa, husimama au kuanguka kwa jinsi inavyolibeba swali hilo. Mwandishi akilijibu katika sura ya tatu, kwa ubatizo na wimbo, sura zinazobaki zinakosa kazi. Kazi yako ni kulichelewesha jibu, na kumfanya kila anayekutana na mhusika alijibu kivyake: mwenye shamba, padri, karani, mzee wa kaya (mji wa asili wa wenyeji), na mhusika mwenyewe mwisho wa wote.

Mwongozo huu umepimwa kwa riwaya ya maneno kama 70,000, yaani sura 28 za maneno 2,500 kila moja. Ukipunguza urefu, punguza watu, usipunguze miaka.

Anza na mwaka

Watu wengi huanza na mhusika, kisha wanamtafutia mwaka wa kukaa. Huku ndiko makosa yanakozaliwa, kwa sababu katika eneo hili miaka mitano ilitosha kubadili sheria, bei na maana ya kuwa huru.

Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine pamoja na kichanga chao. Mwenzake Rebmann alimfuata 1846, kituo cha Rabai kikaanzishwa, naye akakaa hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu. Kipindi hiki kinafaa riwaya tulivu ya watu wachache, kwa maana waongofu walihesabika kwa vidole. Ukihitaji umati, mashua na kesi, songa mbele. Mwishoni mwa 1874 W. S. Price wa Church Missionary Society, shirika la wamisionari wa Kianglikana, alifika, ardhi ikanunuliwa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, na kijiji kikapewa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza: Freretown. Humo waliwekwa watu waliotekwa kutoka majahazi ya watumwa na manowari za Uingereza.

Muongo mnono kuliko yote ni 1879 hadi 1889. Watoro, yaani watumwa waliokimbia mabwana zao, wanajaa Rabai na kijiji cha Fuladoyo. David Koi, kiongozi wa Wakristo wa Fuladoyo, anauawa 1883. 1884 kuna njaa kali. 1885 William Jones na Ishmael Semler wanapewa ushemasi, na Oktoba ya mwaka huo Askofu Hannington anauawa Busoga. Kisha, Januari 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa anawalipa wenye watumwa fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye vituo vya misheni.

Sasa mtego ulionasa miswada mingi. Mkataba wa 1873 baina ya Uingereza na Sultani Barghash wa Unguja ulifunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Haukufuta utumwa. Kisheria utumwa ulifutwa Unguja na Pemba 1897, na kwenye mwambao wa Kenya ya leo 1907. Kwa hiyo mtoro wa 1882 aliyejificha Rabai alikuwa, mbele ya sheria, mali ya mtu, na mmisionari aliyempokea alikuwa mashakani. Ukimwandika mtoro huyo akitembea kifua mbele sokoni Mombasa "kwa kuwa utumwa ulishakwisha", umeua hofu yote ya kitabu chako.

Mhusika ana mlango gani?

Kulikuwa na watu wa aina nne hivi, na hawakupendana kama mahubiri yalivyotaka. Mateka walioshushwa kutoka majahazini, wengi wao watoto, lugha za nyumbani zikiwatoka mdomoni mwaka hadi mwaka. Wabombei, yaani Waafrika waliookolewa baharini wakiwa wadogo, wakalelewa katika misheni ya Sharanpur karibu na Nashik, India, kisha wakarudishwa pwani. Watoro waliokimbia mashamba, ambao Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yao na wengine wao walikuwa wazalia, yaani waliozaliwa utumwani. Na wenyeji, Warabai na Wagiriama, wenye makaya na wazee wao, ambao katika maandishi ya wakati huo wanaitwa Wanyika.

Mbombei ndiye mhusika mgumu na ndiye bora. Anajua Kiingereza, anajua Kihindustani, ana ufundi wa useremala au uhunzi, anavaa viatu. Kwa sura ni mtu wa bara. Kwa mwenendo ni mgeni. Kwa muungwana wa Mombasa yeye ni mtumwa aliyepotea njia. Kwa mmisionari kijana aliyewasili jana ni msaidizi wa kulipwa kidogo, ingawa ndiye anayemtafsiria kila neno. William Jones, George David na Semler walitumwa Rabai 1864, miaka kumi kabla Freretown haijakuwapo. Mtu wa namna hiyo hahitaji kusema "sina kwetu". Mpe barua mbili za kuandika kwa usiku mmoja, moja ya Kiingereza kwenda kamati ya London na nyingine ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwenda kwa liwali, gavana wa Sultani, aone kwamba hakuna hata moja kati yake inayoweza kubeba jina lake lote.

Mpe majina matatu. La kuzaliwa, analolikumbuka nusu. La utumwani: Mabruki, Feruzi, Baraka, Zaituni, majina ya heri waliyopewa watu wasiokuwa nayo. La ubatizo, mara nyingi la Kiingereza. Andika kwenye kadi nani anamwita kwa jina gani, na usivunje utaratibu huo isipokuwa mara mbili katika kitabu kizima: mara moja kwa hasira, mara moja kwa upendo. Ukivuruga majina kila sura, msomaji atapotea, na ile mara ya upendo haitasikika.

Kwa Warabai kuna jambo la ziada. Majina kama Abe Gunja na Abe Ngoa, ya waongofu wa mwanzo, yana maana ya "baba wa". Heshima ya mtu mzima imo katika mtoto wake. Mtoro asiye na mtoto wala ukoo hana jina la kuitwa kwa heshima, hata akiwa mwalimu wa Jumapili. Hapo pana sura nzima, na haihitaji ugomvi wowote. Inahitaji mzee anayesita kabla ya kumsalimu.

Tukio moja, mara mbili

Hivi ndivyo rasimu ya kwanza huja:

"Thomas alijihisi amepasuliwa kati ya dunia mbili. Hakuwa Mzungu, hakuwa Mswahili. Alimlilia Mungu ampe mahali pa kuitwa nyumbani."

Hakuna kosa la sarufi, lakini hakuna mtu humo. Weka meza, karani na orodha ya 1889. Fidia inalipwa kwa wenye watumwa, kwa hiyo karani hana budi kuuliza swali lilelile:

"— Wewe wa nani?
— Thomas.
— Sikuuliza jina. Wa nani?
Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mwembeni. Thomas alitazama kalamu. Miaka tisa alikuwa hajalitamka jina la Bi. Salima, hata ndotoni. Akalitamka. Karani akaandika, akapuliza wino ukauke."

Ili aandikwe huru lazima amtaje bibi aliyemmiliki. Jina la Kristo halikutajwa na sala haikusaliwa, lakini msomaji wa Kikristo atabaki na sura hii akiwa amefunga kitabu. Utaratibu wa kulipata tukio la namna hii ni mmoja: tafuta karatasi, mlango au kipimo ambacho mhusika analazimika kukipita, kisha uliza kinamtaka aseme nini asichotaka kusema.

Biblia ipi mkononi?

Waandishi wengi humtia mhusika wa 1880 kinywani maneno ya Biblia ya Union Version. Tafsiri hiyo ilitoka 1952. Kwa Kiswahili, Krapf alishachapisha sura za mwanzo za Mwanzo katika miaka ya 1840, na Luka katika Kinyika. Askofu Steere wa Unguja alishughulikia Agano Jipya kwa Kiunguja, na Biblia nzima ya tafsiri hiyo ilipatikana 1891. Biblia ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, ilikamilika 1914. Mbombei wako yeye anasoma ya Kiingereza, ile ya 1611.

Dawa yake: mhusika asinukuu, afasiri. Asome kwa Kiingereza, ageuze kwa Kiswahili papo hapo, akwame. Akwamie wapi? Warumi 1:1. Kwa Kigiriki Paulo anajiita mtumwa wa Yesu Kristo, ingawa Kiingereza cha 1611 kinasema "servant". Mwambie mfasiri wako atamke neno "mtumwa" mbele ya watu mia mbili waliokimbia utumwa, padri akisubiri kwa tabasamu. Atafute neno jingine? Mtumishi? Mwanamke aliye mbele amuulize kwa sauti, "Naye Paulo alikimbia kwa nani?" Neno "kukomboa" nalo halikuwa la kanisani tu: mtu aliyewekwa rehani wakati wa njaa alikombolewa kwa nafaka. Katika sura ya njaa ya 1884, wokovu na vibaba vya mtama vinatumia kitenzi kimoja. Usimweleze msomaji hilo, liache limpate.

Halafu kuna Filemoni, aya 25 tu. Paulo anamrudisha Onesimo, mtumwa, kwa bwana wake. Wamisionari walibanwa hasa na jambo hili: balozi wa Uingereza na liwali wakidai watoro warudishwe, misheni ikiogopa kuchomewa kijiji. Riwaya isiyoufungua waraka huu imepita mlangoni pa hazina bila kubisha. Uweke karibu na katikati, sura ya 14 au 15, na anayeusoma awe mtoro.

Kuhusu lafudhi, kiungo kidogo kinatosha. Mtu wa Mombasa aseme "ndoo" kwa njoo, "ndia" kwa njia, "mato" kwa macho. Vitatu au vinne kila sura. Ukiandika Kimvita kizima, msomaji wa Dodoma atakuacha ukurasa wa pili.

Waislamu na wamisionari

Riwaya za Kikristo huharibika zaidi hapa. Mwenye mtumwa anafanywa shetani, mmisionari malaika, na mhusika hana tena la kuchagua. Ukweli ulikuwa na uzito pande zote. Kumwacha mtumwa huru ni thawabu katika Uislamu, na mji ulikuwa na njia zake za kumwingiza mtu: ndoa, chuo cha Kurani, ustaarabu, udugu wa ngoma. Wengi waliichagua njia hiyo, wakapata kwao. Kwa upande wa pili, Freretown ilikuwa kijiji cha kengele na kanuni, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 viboko walivyochapwa wakazi chini ya msimamizi Mzungu vilizua uchunguzi, Price akalazimika kurudi.

Kwa hiyo mpe Bi. Salima haki yake. Awe ndiye aliyemuuguza mhusika alipokuwa na ndui. Awe pia ndiye aliyemuuza dada yake. Yote mawili, bila kuyapatanisha. Nako kuongoka kumgharimu mhusika kitu kinachoshikika: mchumba wa mjini, haki ya kuzikwa na wenzake, sahani ya siku ya Idi. Imani isiyopoteza kitu husomeka kama kubadili nguo.

Vitu vya kupekua kabla ya kuutoa mswada

Tafuta neno "Mijikenda" ndani ya mazungumzo ulitoe, limeshika tangu miaka ya 1940. "Kenya" kama jina la nchi, toa. "Shilingi" ilikuja 1921. Fedha ya wakati huo ni reale za Maria Theresa, rupia na pesa. Nafaka hupimwa kwa kibaba na pishi (vibaba vinne), pembe na mizigo mizito kwa frasila, kama kilo 16. Nguo ni merikani na kaniki. Leso yenye methali ni mambo ya baadaye. Daraja la Nyali lilifunguliwa 1931, hivyo kutoka Freretown kwenda kisiwani ni mtumbwi au mashua, na kwenda Rabai ni mashua kupanda mkono wa bahari kisha mlima kwa miguu. Reli ilianza kujengwa 1896. Meli kutoka India kwa tanga hufika na upepo wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi. Ukimfikisha mtu kwa jahazi kutoka Bombay mwezi wa Julai, mvuvi yeyote wa Kisauni atacheka.

Kwa yanayobaki, nenda uone kwa macho. Kengele ya Freretown ipo bado mahali panapoitwa Kengeleni, na Rabai kuna makumbusho yenye jina la Krapf. Chukua saa, tembea kutoka ukingo wa maji hadi kanisani Rabai ukiwa na mzigo begani, andika unapopumzika mara ya kwanza. Hapo ndipo mhusika wako naye atapumzika.