Wiki moja na pikapu ya kulala: Amani, Lushoto mpaka Maziwe (hesabu mwezi kwanza)

Binamu yangu yuko Colorado kule Marekani, kila ikifika mwezi wa nne ananitumia picha zilezile: pikapu imebebeshwa kijumba mgongoni, baiskeli mbili zimefungwa nyuma, ubao wa kutelezea kwenye theluji umelala juu ya godoro. Wiki nzima anaishi humo. Nikamuuliza we huo utelezi unaanza saa ngapi, akaniambia hapo ndo penye kazi, theluji ya mwisho wa msimu usiku inaganda inakuwa ngumu kama sakafu, ukiivamia alfajiri unaumia, kwenye saa nne saa tano jua limeshailainisha juu kidogo ndo tamu yake, mchana inageuka uji ubao unanasa. Akishiba mlima anashuka Fruita karibu na mpaka wa Utah ambako kumeshakauka, anaendesha baiskeli.

Sisi wa Tanga theluji tunaikwangua kwenye friji. Ila nilivyokaa nikafikiria nikaona mbona mlima tunao, baiskeli ndo usiseme, mji wote tambarare hata bibi anaenda sokoni na baiskeli, na kitu chenye saa zake kama theluji ya binamu tunacho vilevile, bahari. Mchanga wa Maziwe, kile kisiwa kidogo cha baharini kule Pangani, unatoka maji yakikupwa, yakijaa ukipita na boti hujui kama pale kuna kitu. Hii safari nimeifanya mara mbili na shemeji yangu, ya kwanza tuliiharibu wenyewe, ya pili ikanyooka.

Kosa la kwanza lilikuwa kuanza na likizo. Tulisema tunaondoka Jumamosi, basi, siku ya saba tukafika baharini tukakuta maji mafu, yanakupwa jioni jioni tena hayaendi mbali, nahodha akatuangalia tu akacheka, akasema nyie watoto wa pwani gani. Kwahiyo fanya kinyume. Chagua kwanza siku ya Maziwe alafu hesabu siku saba kurudi nyuma, hapo ndo unapata siku ya kutoka nyumbani. Bamvua, yaani maji kujaa sana na kukupwa sana, linakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na huhitaji programu yoyote ya simu, kalenda ya Kiislamu iliyoning'inia sebuleni inatosha: tarehe 14 mpaka 17, au 29 mpaka 2. Siku hizo pwani yetu maji yanakupwa kabisa kwenye saa nne kwenda saa tano asubuhi, saa kumi jioni yamejaa. Kila siku inayopita yanachelewa kama dakika hamsini, ndo maana baada ya wiki saa zote zimegeuka. Mi nachagua mwezi mpevu maana usiku wa Lushoto unakuwa na mbalamwezi, unapika bila tochi. Ukitoka nyumbani tarehe 9 siku ya saba inaangukia 15, umemaliza hesabu.

Msimu nao. Masika usijaribu, barabara ya Amani inakuwa sabuni. Mwezi wa saba barabara kavu lakini kusi inavuma, bahari imechafuka na Lushoto baridi inaingia kwenye mifupa. Mi napenda mwezi wa tisa mwishoni mpaka wa kumi mwanzoni, kusi imelegea na vuli bado haijakolea. Januari na Februari pia poa, kaskazi, ila joto la Mombo mchana utajuta.

Gari: sisi tulitumia Hilux kebini moja, bodi ndefu. Usimwambie fundi akujengee nyumba, utapata zigo ambalo kona za Soni, njia ya kupanda Lushoto, litakuyumbisha. Mwambie akuchomelee fremu ya skwea paipu ya kutandika turubai juu, inayofungwa na nati kwenye bodi, kimo cha wewe kukaa ndani bila kugonga kichwa kinatosha, na katikati juu apitishe bomba moja lililoinuka kuliko ya pembeni. Hilo bomba la katikati ndo roho ya kila kitu. La kwetu la kwanza fundi aliona halina maana akaliacha, juu pakawa flati, usiku wa kwanza Amani ikashuka mvua (Amani inanyesha hata watu wa chini wakiwa kiangazi), turubai likaanza kushika maji taratibu likabonyea kama karai, mimi nimelala chali naliona tumbo lake linashuka linakaribia pua, nikamwamsha shemeji nikamwambia tulisukume kwa chini, tukasukuma. Lilipasuka pale pale pa mshono. Saa nane usiku, ndoo kama nne za maji ya baridi zote kifuani.

Kitanda kipandishe juu ya matao ya tairi. Ukiweka godoro chini kabisa la futi nne halienei, matao yanalibana, ila ukipiga mbao na chaga juu yake linalala vizuri na chini unapata stoo: madumu mawili ya maji ya lita ishirini, mtungi mdogo wa gesi, sufuria, ndoo ya kuogea, begi la nguo. Godoro la inchi nne linatosha, la sita linakula kimo. Chandarua kifungwe kwenye fremu yenyewe. Na hapa naomba usome mara mbili: usipike ndani ya turubai, na Lushoto ukishikwa na baridi usiingize jiko la mkaa humo ulale nalo. Ule moshi usioonekana unaua, unalala huamki. Chukua blanketi la pili, vaa soksi, mtungi wa gesi usiku utoe nje.

Baiskeli zetu sio za bei, za gia za mtumba. Zilaze pembeni ya fremu kwa nje, uzifunge na mipira ile ya kukata kwenye tyubu, inabana kuliko kamba ya katani na haikati rangi, pedeli moja itoe isikwaruze gari. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni, pampu, spana, na mpira wa breki jozi mbili. Nimesema jozi mbili, sababu inakuja. Kwenye gari hakikisha mtungi wa kuzimia moto na pembetatu zipo, na asipande mtu nyuma kwenye kitanda gari likiwa linatembea, hata kama amelewa usingizi. Toka Segera mpaka Mombo chunga vibao vya 50, ukipigwa tochi na mzigo wa baiskeli ule maelezo yatakuwa marefu.

Njia yenyewe. Siku ya kwanza Tanga Muheza ni lami, hazifiki kilomita arobaini, hapo nunua machungwa, nunua mengi, alafu unaiacha lami unapanda kwenda Amani. Geti lipo Sigi, hifadhi iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, unalipa kwa kontroo namba, kwahiyo salio liwe kwenye simu kabla mtandao haujakukimbia. Lala hapo hapo chini au panda mpaka Amani kwenyewe, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902 na miti yao ya majaribio bado imesimama. Lile ua dogo la zambarau wazungu wanalolipanda madirishani, Saintpaulia, kwao ni hapa Usambara, limebeba jina la mkuu wa wilaya wa Kijerumani wa Tanga aliyelikuta mwaka 1892. Litafute kwenye miamba yenye unyevu, uliangalie uliache.

Siku ya pili ni ya baiskeli tu, kwenye vijia vya mashamba ya chai. Toka saa kumi na mbili na nusu ukungu ukiwa bado, njia haina vumbi na jua halijakuchoma. Punguza upepo kidogo kwenye tairi, mawe ya kule yana utelezi. Saa tano uwe umerudi unakula.

Siku ya tatu ni ya gari, unashuka Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, alafu unaupanda mlima Lushoto, toka Mombo ni kama kilomita 33 na lami ipo. Kona ni nyembamba, piga honi kila isiyoonekana mbele, maana bodaboda wanashusha fri injini imezimwa huwasikii. Siku ya nne baiskeli mpaka Irente, sio mbali toka mjini, unasimama kwenye jabali unaona Mombo na tambarare yote ya Wamasai chini kama imetandikwa. Mkate na jibini ya shamba la Irente nunua hapo, usile chipsi siku zote saba kama shemeji. Siku ya tano tunapumzika nusu, tunafua, mwenye miguu anapanda msitu wa Magamba. Watu watakwambia uende na Mtae. Mtae pazuri sana kwa kweli, lakini kwa wiki moja inakula siku nzima kwenda na kurudi na itakuvurugia hesabu ya maji, kwahiyo mi naiacha.

Siku ya sita asubuhi ndo kipande nachokipenda kuliko vyote: mmoja anashusha gari, mwingine anashuka na baiskeli Lushoto mpaka Mombo. Anayeshusha gari ashushe kwa gia, namba mbili, breki aguse tu. Anayeshuka na baiskeli abane aachie, abane aachie, asikae amebana. Mimi mara ya kwanza nilibana mfululizo toka juu, nikapita Soni najiona bingwa, nikaanza kusikia harufu ya mpira unaungua nikadhani ni lori. Breki ya nyuma ikawa inaenda mpaka mwisho haina kitu. Nikaburuza soli za viatu nikasimama kwa mama mmoja anauza pichesi na matunda damu kwenye beseni, nikagusa rimu, vidole vikabaki na alama siku mbili. Mama akachukua kikombe cha maji anataka kuimwagia, kijana wake akamzuia, akasema mama acha ipoe yenyewe, tyubu itapasuka. Mipira ya breki ilikuwa imelainika imepakaa kwenye rimu kama lami. Nikanunua pichesi za elfu mbili nikakaa robo saa, nikafunga mipira mipya. Simama kila baada ya dakika kumi, gusa rimu kwa nyuma ya mkono, ikikuchoma kaa chini kula tunda.

Siku hiyo hiyo unarudi Tanga kisha unashuka Pangani, kama kilomita hamsini toka Tanga mjini. Ni siku ndefu, toka Lushoto saa moja asubuhi. Njiani kusini ya Tanga kuna magofu ya Tongoni, msikiti wa zamani na makaburi ya nguzo, simama nusu saa unyooshe mgongo. Pangani kula bada, ule ugali wa muhogo, na samaki. Na mkonge wote ule uliouona njiani ulianzia pande hizi hizi, miche 62 tu ndo iliyofika hai mwaka 1893. Mtoni usioge, mto Pangani una mamba, ogea ndoo yako. Kisha vuka mto kwenda Bweni uendelee mpaka Ushongo, uombe sehemu ya kuegesha kwa watu wa ufukweni ulipie, usijiegeshe tu kwenye minazi ya mtu. Na angalia juu kabla ya kulala, nazi haina adabu.

Siku ya saba. Mpate nahodha tangu jioni, mkubaliane bei na ada ya hifadhi ya bahari nani analipa, isije ikawa maneno mkiwa kati ya maji. Saa mbili asubuhi mko kwenye boti, kwa mashine ni kama nusu saa hivi, mnafika mchanga umeanza kutoka, unaongezeka mnauona. Pale hakuna mti hata mmoja, wazee wa Pangani wanakumbuka mivinje ilivyokuwa ila miaka ya themanini mwanzoni ilikuwa imeshakwisha na bahari. Kwahiyo mwavuli au shuka na vijiti vinne, maji ya kunywa lita tatu kila mtu, shati la mikono mirefu. Vaa miwani ya kuogelea uzunguke kingo za matumbawe, usiyakanyage, na ukikuta alama za kasa mchangani zipite kando, mayai ya hapo huwa yanahamishiwa ufukwe wa Ushongo maana kisiwa kinafunikwa. Kuanzia saa sita nahodha akisema twende, twende. Mara ya pili tulibaki dakika tano za kupiga picha, shuka letu likaanza kuelea.

Mafuta kwa mzunguko wote wa kama kilomita 550 weka lita sabini za dizeli, zitabaki kidogo. Ukifika nyumbani usilale kabla hujamwagia baiskeli na bodi maji baridi, yasiyo ya chumvi, chumvi inakula cheni kwa siku mbili, kisha paka oili. Godoro lianike. Langu nililiacha ndani ya turubai mpaka Jumatatu, na lile dumu la mchuzi wa pweza lilikuwa limevuja.