Jinsi ya kutoa taarifa ya uhalifu wa mtandaoni unapoona aibu kusema

Wengi waliotapeliwa mtandaoni hunyamaza kwa sababu ya aibu: mtu hujiona mjinga kwa kuamini, huogopa kuulizwa kwa nini alituma fedha, na ikiwa alituma pia picha zake za faragha, hofu hiyo huzidi maradufu. Ukijisikia hivyo, mweleze kwanza mtu mmoja unayemwamini na umwombe akae nawe unapoandika yaliyotokea. Tapeli huishi kwa kazi hii, hupanga maneno yake mapema na kukuharakisha usipate nafasi ya kutafakari, kwa hiyo lawama ni yake.

Kabla ya kwenda polisi, ipigie benki au kampuni iliyopitisha fedha, kwa namba yake rasmi wala si ile uliyotumiwa kwenye ujumbe. Usisubiri kesho, kwa maana muamala huweza kuzuiwa fedha zikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji, lakini zikishatolewa ni vigumu sana kuzirudisha.

Hasira humsukuma mtu kufuta mazungumzo yote. Tafadhali usifute. Piga picha za skrini zinazoonyesha tarehe, namba ya simu na jina la akaunti, andika namba za miamala, na uhifadhi barua pepe yenyewe, kwa kuwa ndani yake mna kumbukumbu za njia iliyopitia ambazo picha haionyeshi. Anayetishia kusambaza picha zako usimlipe, kwani akishalipwa mara moja hurudi kudai zaidi.

Huenda unajiambia kwamba kiasi ni kidogo, au kwamba mhalifu yuko nchi nyingine. Hata hivyo, namba moja ikitajwa na watu kumi waliopoteza kidogo kidogo, mpelelezi huanza kuona genge zima. Na Mkataba wa Budapest wa mwaka 2001, ambao ni mkataba wa kimataifa kuhusu uhalifu wa mtandaoni, unazitaka nchi wanachama kuwa na ofisi inayopatikana saa 24 ili kusaidiana kuhifadhi ushahidi wa kielektroniki. Siwezi kukuahidi kwamba fedha zitarudi, maana mara nyingi hazirudi.

Kituoni, omba namba ya taarifa yako, na ukiambiwa hakuna la kufanya, uliza kitengo kinachoshughulikia makosa ya mtandao. Baadaye akikupigia mtu anayedai kwamba atakurejeshea fedha ukimlipa ada kwanza, usimlipe, bali iongeze namba yake kwenye taarifa hiyohiyo, kwa sababu matapeli huuziana orodha za watu waliokwisha kutapeliwa.