Mtoto wa kocha anapoangalia vyuo vingine: namna ya kumsindikiza

Mume wangu ni kocha wa wapokeaji, yaani wachezaji wanaodaka pasi, katika timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu kimoja hapa Ohio. Mwanetu wa kwanza alikuwa lainbeka wa sekondari, mchezaji wa upande wa ulinzi, mzuri kiasi cha kutafutwa na vyuo. Kwa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, makocha wa daraja la kwanza wanaruhusiwa kuanza kumwandikia mchezaji wa futiboli Septemba 1 akiwa darasa la kumi na moja. Kwetu ilikuwa 2023, siku ya Ijumaa. Simu yake ilikuwa juu ya meza ya jikoni, kioo kimelala chini, ikitetemeka kila baada ya dakika mbili mpaka ikajisogeza yenyewe hadi ukingoni. Baba yake alikuwa amesimama hapo na kikombe cha kahawa. Aliirudisha katikati ya meza kwa kidole kimoja, bila kuigeuza, akaenda kazini saa nzima kabla ya muda wake.

Miezi kumi na tano iliyofuata nilikuwa katikati ya hao wawili, na mengi tuliyafanya kwa kuchelewa. Nawaandikia walio katika hali hiyo ili wayawahi.

Jambo la kwanza ni kumuuliza mtoto, na anayeuliza asiwe kocha. Nilimchukua mwanangu kwenye gari, tukazunguka mjini bila safari maalumu, nikamuuliza moja kwa moja: unataka kucheza kwa baba yako? Alikaa kimya taa mbili nzima za barabarani. Kisha akasema, "Mama, pale siwezi kujua kama wananitaka mimi au wanamtaka mtoto wa kocha." Neno hilo asingeweza kumwambia baba yake usoni, na baba yake asingeweza kulijibu. Nilipolifikisha, kwa ruhusa ya mtoto, mume wangu aliumia, lakini tangu siku hiyo tulikuwa tunazungumza jambo moja, wala hatukuwa tunakisia tena.

Tuliweka na utaratibu mmoja wa nyumbani ambao naupendekeza kwa moyo wote. Kila walipoongea habari za vyuo, mume wangu alitakiwa kusema kwanza anaongea kama nani. Akiwa kocha, alibaki na kofia ya timu kichwani. Akiwa baba, aliivua na kuiweka mezani. Mwanzoni walicheka. Baada ya wiki chache, ukisikia sauti imeanza kupanda, mtoto anaiangalia kofia tu, na mwenyewe anaivua.

Baada ya hapo, kabla ya safari yoyote ya kwenda chuo kingine, mwambieni kocha mkuu. Asisikie kwa mtu, asisome kwenye ukurasa wa mashabiki. Mume wangu aliingia ofisini kwake akasema mambo matatu: mwanangu ataangalia vyuo vingine, sitamsukuma kokote, naomba faili lake lishikwe na mwingine. Hilo la tatu ndilo lenye uzito. Kama chuo cha baba kinamtaka kijana, basi kocha wa lainbeka au mratibu wa ulinzi ndiye ampigie simu, amtazame, ampe ofa au amnyime. Katika vikao ambamo majina ya wachezaji hupangwa kwa ubora, mume wangu alitoka nje kila walipofika kwa mwanetu, akasubiri koridoni mpaka aitwe. Usidharau dakika zile za koridoni. Ndizo zilizomfanya mwanetu aamini kwamba ofa ya chuo cha baba yake, ilipokuja, ilikuwa yake kweli.

Nendeni pia kwa ofisa wa kanuni wa chuo, mpate maelekezo kwa maandishi. Baba ana haki ya kwenda kumtazama mwanawe Ijumaa usiku kama mzazi yeyote. Ila uwanjani pale wapo vijana wengine wanaosakwa na vyuo, na kwao yeye ni kocha, kwa hiyo kusimama kupiga soga na mchezaji mwenzake wa mwanawe kunaweza kuhesabiwa kuwa ni mawasiliano ya usajili. Mume wangu alikaa pembeni kabisa ya jukwaa, na kipenga cha mwisho kikilia alikwenda moja kwa moja kwenye gari. Mimi ndiye niliyebaki kukumbatia watu.

Kuna habari ambazo hazipaswi kuvuka mlango wa nyumba. Mume wangu alijua ni vijana gani wengine chuo chake kinawafuata katika nafasi ya mwanetu, na mwanetu alijua vyuo pinzani vinamwahidi nini. Tukakubaliana: baba hataji jina la mchezaji yeyote, mtoto haulizwi ofa za wengine. Kompyuta ya kazi ikahamia chumbani na kufungwa. Na mtoto aambiwe mapema kwamba huko aendako kuna kocha atakayemuuliza, kwa tabasamu, baba yako anaonaje msimu ujao. Jibu ni "muulize mwenyewe", basi.

Kuhusu masomo sitarefusha, ila msidhani mtu mwingine ameshughulikia. Kucheza daraja la kwanza kunahitaji masomo 16 ya msingi yanayotambuliwa na NCAA na wastani wa alama usiopungua 2.3 kwenye kipimo cha 4.0 katika masomo hayo. Kumi kati yake yawe yamekamilika kabla mwaka wa mwisho wa sekondari haujaanza. Mtihani wa kuingilia chuo, SAT au ACT, hautakiwi tena na NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuutaka. Mshauri wa shule yetu aliamini baba, kwa kuwa ni kocha, anafuatilia. Baba aliamini shule inafuatilia. Februari nikagundua somo moja halimo kwenye orodha inayokubalika. Mtoto alilisoma upya kiangazi, huku wenzake wakiwa kwenye kambi za mazoezi.

Sasa pesa, na hapa kaeni na kalamu. Vyuo vingi huwapunguzia au kuwafutia ada watoto wa wafanyakazi, na kwa shahada ya kwanza nafuu hiyo kwa kawaida haikatwi kodi ya serikali kuu. Tatizo ni kwamba mara nyingi inagusa ada tu, huku chumba na chakula vikibaki kwenu, na inategemea ajira ya baba. Muulizeni ofisa rasilimali watu kwa maandishi: baba akiondolewa kazini katikati ya mwaka wa pili, nini kinatokea? Ufadhili kamili wa mchezaji ni kitu kingine: ada, malazi, chakula, vitabu, na posho ya gharama nyingine za kuishi chuoni. Wakati ule timu za ngazi ya juu kabisa, zile za FBS, zilikuwa na ufadhili 85. Ngazi inayofuata, FCS, walikuwa na thamani ya ufadhili 63 na waliweza kuugawanya vipande vipande. Daraja la pili 36, nao wanagawanya. Daraja la tatu hawatoi ufadhili wa michezo kabisa.

Ndiyo maana zamani njia ya mtoto wa kocha ilikuwa nyepesi: anaingia timu ya baba bila ufadhili wa michezo, nafuu ya wafanyakazi inalipa ada, na timu inapata mchezaji bila kutumia nafasi yake. Njia hiyo imebanwa. Makubaliano ya kesi ya House, iliyofunguliwa na wanamichezo wa vyuo dhidi ya NCAA, yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, yaliondoa kikomo cha ufadhili kwa vyuo vilivyojiunga nayo, lakini yakaweka kikomo cha idadi ya wachezaji wote: 105 kwa futiboli. Timu nyingi zilikuwa zinabeba zaidi ya hapo, na waliokuwa ukingoni ndio hao wasio na ufadhili. Sisi tulikuwa katika usajili wakati jambo hilo bado linasubiri uamuzi, na chuo kimoja kilichokuwa kimemwahidi mwanetu nafasi ya namna hiyo kilipiga simu Oktoba 2024 kusema nafasi haipo tena. Mkiambiwa "njoo, tutakupa nafasi", ulizeni: ndani ya hao 105, au nje?

Kumbukeni pia kwamba ofa ya mdomo haimfungi mtu. Ya maandishi haiwezi kutolewa kabla ya Agosti 1 ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Kocha wa watu anajua hili kuliko mtu yeyote, lakini mume wangu aliposikia mwanawe ameahidiwa mahali aliamini kama mzazi mgeni. Nilimkumbusha mara mbili mambo ambayo yeye mwenyewe huwaambia wazazi wengine.

Ziara rasmi za futiboli zinaanza Aprili 1 ya darasa la kumi na moja. Tangu Julai 2023 idadi ya vyuo haina kikomo, ila kila chuo ni mara moja, na chuo ndicho kinacholipia usafiri, malazi na chakula. Ushauri wangu ni kwamba mama, mjomba au shangazi ndiye aende, na baba abaki. Kocha akiingia ofisi ya kocha mwenzake, kijana anageuka mtazamaji wa mazungumzo ya kikazi. Nilikwenda mimi. Niliuliza maswali ambayo mume wangu angeona haya kuuliza: nani analala naye chumbani, daktari wa timu anamtii nani, wangapi wa nafasi yake waliondoka mwaka jana na kwa nini.

Na mfanye ziara rasmi hata kwenye chuo cha baba. Wengi wanairuka kwa kuwa mtoto amekulia pale. Mwanetu alilala hotelini, maili tatu kutoka kitandani kwake, akatembezwa na wachezaji, akakaa na maprofesa wa uhandisi ambao hakuwahi kuwaona ingawa alikuwa akicheza kwenye nyasi za uwanja ule tangu ana miaka sita. Baba yake wikiendi hiyo hakutia mguu chuoni. Alikata majani yote ya bustani, kisha akayakata ya jirani.

Swali gumu kuliko yote mliulize mapema: baba akifukuzwa kesho, bado utapenda kuwa hapa? Makocha wasaidizi huondoka kocha mkuu anapoondolewa, na kuondolewa huko hutokea Novemba na Desemba, siku zilezile za kusaini. Mwanetu aliandika vyuo vinne kwenye karatasi, akafuta jina la kila kocha, baba yake akiwemo, akapima kilichobaki: masomo, mji, wenzake, umbali. Chuo cha baba kilishuka kutoka cha kwanza hadi cha tatu. Tulikiacha pale kiliposhuka.

Maneno ya watu yatakuja. Mume wangu aliogopa wapinzani wake wa usajili watasema, "hata mwanawe hamwamini." Na mmoja alisema kweli, kwenye sebule ya mzazi aliyetusimulia baadaye. Nilimkumbusha majirani zetu wa Athens, hapahapa Ohio. Jimmy Burrow alikuwa mratibu wa ulinzi wa Chuo Kikuu cha Ohio, na mwanawe Joe, aliyekulia mji huohuo, akaenda Ohio State, chuo kingine cha jimbo hilo, 2015, kisha LSU ya Louisiana 2018, na 2019 akatwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Jim Harbaugh naye alicheza Michigan miaka ya 1980 huku baba yake Jack akiwa kocha mkuu wa Western Michigan, jimbo lilelile. Wapo waliofuata njia nyingine: Shedeur Sanders alikuwa ameahidi kwenda Florida Atlantic, baba yake Deion akachukua kazi ya ukocha mkuu wa Jackson State 2020, kijana akamfuata huko na baadaye Colorado. Familia zote hizo zilifanya lililowafaa. Jibu ambalo mume wangu aliishia kuwapa wazazi waliomuuliza lilikuwa, "Nimempa mwanangu uhuru uleule ninaokuomba umpe wako." Alilisema bila kujitetea, na wengi walizidi kumsikiliza.

Kama mtoto atachagua kubaki kwa baba, pangeni kabla hajafika nani anampanga kwenye kikosi na nani anamwadhibu, tena kwa maandishi, maana vyuo vya umma vina kanuni za kuzuia upendeleo wa ndugu. Uwanjani amwite Kocha. Hilo liamuliwe nyumbani, lisiamuliwe siku ya kwanza mbele ya wachezaji mia.

Wetu hakubaki. Alichagua chuo cha jimbo la jirani. Alimwambia baba yake kwanza, peke yao, gereji. Halafu mume wangu akampigia kocha mkuu usiku uleule. Halafu mtoto mwenyewe akampigia kocha wa lainbeka wa chuo cha baba kumshukuru. Mpangilio huo msiubadilishe. Tangazo la hadharani lilisubiri siku mbili.

Asubuhi ya kusaini ipangeni saa kwa saa, kwa sababu kocha ana vijana wake wanaosaini wakati huohuo. Yetu ilikuwa Jumatano, Desemba 4, 2024. Barua ya taifa ya kusudio, ambayo zamani mchezaji alisaini kujifunga na chuo, ilikuwa imefutwa Oktoba, kwa hiyo karatasi iliyokuwa mbele yetu ulikuwa mkataba wa ufadhili, na kwa kuwa mwanetu alikuwa na miaka 17 ulihitaji saini ya mzazi. Ningeweza kusaini mimi. Mtoto alitaka baba yake. Mume wangu aliomba dakika arobaini kazini, akaacha jaketi la timu kwenye gari, akaingia ukumbi wa shule na shati jeupe. Akasaini penye neno mzazi. Simu yake ikalia: mpokeaji mmoja aliyemfuatilia miaka miwili ametuma karatasi zake. Akatoka koridoni kumpongeza, akarudi, akamshika mwanetu kisogoni kwa mkono mzima, na saa tano alikuwa ofisini.