Kuifanya saiti nzima ione picha moja kabla ya zege: ninavyofanya mimi

Mdogo wangu amepewa kusimamia jengo lake la kwanza la ghorofa, huko Dodoma. Wiki iliyopita alinipigia simu saa tatu usiku: "Kaka, kila fundi nikimuuliza ananiambia tupo sawa, lakini nikizunguka nakuta kila mtu yupo kwenye saiti yake." Nilicheka, maana maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe miaka ile naanza. Nilichomweleza ndicho hiki, kwa yeyote aliyekwama palepale.

Kwanza tuelewane tunatafuta nini. Mica Endsley, mhandisi wa Marekani aliyewachunguza sana marubani, aliandika mwaka 1995 kwamba kuijua hali kuna ngazi tatu: kuona kilichopo, kuelewa maana yake, na kuona kinachokuja. Kwenye saiti ni hivi: stoo zimebaki nondo kumi za milimita 16, hiyo ni kuona. Hazitoshi bimu ya mbele, yaani boriti ya zege, hiyo ni kuelewa. Basi Alhamisi hakuna zege, hapo ndipo tunapotaka wote wafike. Saiti nyingi huishia ngazi ya kwanza, na kila mtu peke yake.

Hatua ya 1: Ubao mmoja, pale watu wanapopita

Chukua plaiwudi, paka rangi nyeusi, tundika nje ya stoo wanapochukulia vifaa asubuhi. Usiutundike ofisini kwako, ofisini anaingia anayedai pesa tu. Chora safu nne: kazi, nani anaifanya, anasubiri nini, anasubiri kutoka kwa nani. Hizo mbili za mwisho ndizo zenye thamani. Pembeni andika saa ulipoandika. Ubao usio na saa unadanganya kuanzia saa nne.

Najua kuna programu za simu za kazi hii. Nimezijaribu mbili. Fundi mwenye mikono ya saruji hafungui simu, na aliyeishiwa bando haoni chochote. Chaki haihitaji bando.

Hatua ya 2: Ramani moja

Ikitoka ramani mpya, ya zamani ikusanye kwa mkono na uipige mstari mwekundu. Usitume ramani kwenye WhatsApp. Humo ramani haifi: mtu atapandisha ujumbe juu, atakutana na ile ya Machi, na ataifuata kwa moyo mweupe.

Hatua ya 3: Kurudishiana maneno

Hapa ndipo nilipolipia ada, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tulikuwa tunajiandaa kumwaga slabu, sakafu ya zege, ya ghorofa ya kwanza. Mchora ramani alikuwa amesogeza choo mita moja na nusu. Fundi bomba alipata ramani mpya, akahamisha mabomba yake. Fundi nondo naye alipata ramani mpya, na kwa kuwa ukuta umehama, akaongeza bimu chini yake. Wote walikuwa sahihi. Jioni nikapita nikauliza, "Tupo sawa?" "Tupo sawa, injinia." Nikaenda kulala.

Saa moja asubuhi gari la kwanza la zege liko getini, ndipo nikaona bomba la inchi nne limepita katikati ya ile bimu mpya, nondo zimesukumwa pembeni kama pazia. Zege la kwenye gari kwa kawaida linatakiwa limwagwe ndani ya dakika 90 tangu maji yakutane na saruji, kwa hiyo hakuna cha kujadili. Gari la pili tuliligeuza na bado tukalilipia. La kwanza liliishia kwenye sakafu ya kibanda cha mlinzi na njia ya geti. Mpaka leo kibanda kile kina sakafu imara kuliko nyumba nyingi za mtaa ule.

Hakuna aliyenidanganya. Swali langu ndilo lilikuwa bovu, kwa sababu "tupo sawa?" haina jibu lingine. Marubani walijifunza hili kwa gharama kubwa zaidi. Uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, mwaka 1977, rubani alisema kitu, mnara wa kuongoza ndege ukaanza kumjibu "OK", kila upande ukiwa na picha yake. Ndege mbili ziligongana kwenye ukungu, wakafa watu 583.

Sasa nafanya hivi, saa kumi na nusu jioni, dakika kumi, watu wamesimama. Kila kiongozi wa kundi anageukia wenzake, ubao uko mgongoni kwake, anajibu maswali mawili: kesho unafanya nini, na kazi yako inamgusa nani hapa? La pili ndilo lingeokoa bimu yangu. Fundi bomba angesema "napita chini ya ukuta wa choo," na fundi nondo angeruka.

Yafuatayo yataiharibu hatua hii usipoangalia. Akianza foremani, wengine wote watarudia maneno yake, kwa hiyo aanze mdogo kabisa, hata saidia fundi, na wewe uwe wa mwisho. Usimfanyie mtihani mzee aliyejenga kabla hujazaliwa. Kwake geuza: "Mzee, nakusimulia ya kesho, nikikosea unisahihishe." Atakusahihisha mpaka ufurahi. Mtu akikosea, usimcheke wala usimfokee, la sivyo kesho yake utarudishiwa "tupo sawa" na utaistahili. Na siku ambayo wote wamekubaliana ndani ya dakika mbili, usishukuru. Uliza tena kwa kuonyesha kidole: "Hapa, kwenye kona hii, nani anatangulia?"

Kuna watakaosema dakika kumi ni nyingi. Waonyeshe kibanda cha mlinzi.

Hatua ya 4: Mambo yakibadilika mchana

Anayeona badiliko anafuta ubao kwanza, anaandika na saa, kisha anapiga picha ya ubao na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la saiti. Ujumbe wa sauti marufuku. Hakuna anayesikiliza dakika tatu za upepo na mashine.

Hatua ya 5: Pima

Saa nane mchana zunguka, chagua watu watatu wa makundi tofauti, uwaulize swali moja: "Zege la Ijumaa linasubiri nini?" Majibu yakifanana, endelea na kazi yako. Yakitofautiana, waite hapohapo, usingoje jioni. Mimi humuuliza na mama ntilie, kwa kuwa siku ya zege vibarua huongezeka na sahani zake pia. Akiwa hajui siku, ujue habari haijatoka nje ya genge la nondo.

Mdogo wangu alijaribu juzi. Wa kwanza alimwambia linasubiri nondo, wa pili akasema linasubiri fundi umeme apitishe mabomba yake. Wa tatu akaweka koleo chini: "Kwani zege si Jumamosi, bosi?"