Gari la Kifahari la Umeme: Lipime Kabla ya Kulilipia

Mtu wa Nairobi anayetamani gari la kifahari la umeme aghalabu huanza na hesabu ya mafuta, naye huikuta tamu. Tuchukue mfano wa Jaguar I-Pace iliyokwisha kutumika Uingereza. Gari hilo hula takribani uniti 24 za umeme kwa kilomita 100, na ukijumlisha umeme unaopotea wakati wa kuchaji, mita ya nyumbani itasoma karibu uniti 27. Tukikadiria uniti moja kwa shilingi 28, kilomita hizo 100 zitakugharimu shilingi 750 hivi, ilhali gari la petroli la hadhi hiyohiyo, likinywa lita 12 kwa shilingi 180 kila lita, litakutoza zaidi ya shilingi 2,100. Kwa anayeendesha kilomita 15,000 kwa mwaka, tofauti inafika kama shilingi 210,000.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila haifai kuwa msingi wa uamuzi. Magari haya hushuka bei kwa kasi inayomshtua hata aliyezoea biashara ya magari, na huko Uingereza si ajabu kukuta lililotumika miaka mitatu au minne likiuzwa kwa nusu ya bei yake ya awali. Gari ulilolilipia milioni 7 likishuka kwa asilimia 15 tu katika mwaka mmoja, umepoteza zaidi ya milioni moja, na akiba ya mafuta haiwezi kuziba pengo hilo. Maoni yangu ni kwamba gari la namna hii halifai kununuliwa jipya na mtu anayehesabu fedha zake. Mwache mwenye gari wa kwanza aubebe mshuko huo, kisha wewe ulinunue kwa kuwa unapenda utulivu wake na wepesi wake barabarani, si kwa matumaini ya kuokoa fedha.

Hapo ndipo umri wa gari unapoanza kuwa na maana. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na ni lazima usukani wake uwe upande wa kulia. Dhamana ya betri ya I-Pace, kama ya magari mengi ya daraja lake, nayo ni ya miaka 8 au kilomita 160,000, ikiahidi kwamba uwezo wa betri hautashuka chini ya asilimia 70. Ukiagiza gari la miaka 7 kwa sababu bei yake inavutia, basi linashuka bandarini Mombasa likiwa limebakiwa na dhamana ya miezi kadhaa tu, tena dhamana iliyotolewa katika soko jingine, ambayo wakala wa hapa huenda asiitambue. Mwombe wakala jibu la maandishi kabla hujatuma fedha. Ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, na nafuu hiyo, kwa maoni yangu, ni afadhali uielekeze kwenye gari lenye umri mdogo zaidi kuliko kwenye lenye viti vya ngozi bora zaidi.

Betri ndiyo gari lenyewe. Usiridhike na kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi likiwa limejaa chaji, kwa maana takwimu hiyo hufuata mwendo wa dereva aliyetangulia. Fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari anaweza kukupa kiwango cha afya ya betri, lakini lipo pia jaribio ambalo unaweza kulifanya mwenyewe kwa nusu siku. Lichaji gari hadi asilimia 90, rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri, kisha uende Naivasha na kurudi kwa barabara ileile, ili kupanda kufidiwe na kushuka. Tuseme umekwenda kilomita 180, dashibodi inaonyesha wastani wa uniti 22 kwa kilomita 100, na chaji imeshuka hadi asilimia 37. Umetumia uniti 39.6 katika asilimia 53 za betri, gawanya 39.6 kwa 0.53, utapata karibu uniti 75. I-Pace ikiwa mpya hutoa takribani uniti 84.7 za kutumika, kwa hiyo betri hiyo imebaki na asilimia 88 ya uwezo wake. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kutofautisha betri nzima na betri iliyochoka. Muuzaji wa yadi anayekukatalia safari hiyo kwa kisingizio cha bima anaweza kukubali ukilipia bima ya siku moja na kuketi naye garini. Akikataa hata hapo, huna haja ya kuuliza zaidi.

Chukua pia namba ya chasisi na uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji ili ujue kama gari limewahi kuitwa kwa marekebisho, na kama marekebisho hayo yalifanywa. Si jambo dogo: nchini Marekani, wenye I-Pace za mwaka 2019 waliwahi kushauriwa wasichaji kupita asilimia 80 na waegeshe nje, mbali na majengo, kwa hofu ya betri kushika moto.

Kuhusu plagi, gari lililotoka Uingereza huja na tundu la kuchaji kwa kasi la aina ya CCS2, na lililotoka Japani mara nyingi huja na la aina ya CHAdeMO, na aina hizo mbili haziingiliani. Zuru vituo unavyotarajia kuvitumia ukaone kwa macho yako waya zilizopo.

Swali linalowaangusha wengi ni la maegesho. Anayeishi kwenye nyumba yake, mwenye mahali pake pa kuegesha na mita yake, atafungiwa chaja ya ukutani ya kilowati 7 na gari litatoka asilimia 20 hadi 80 kwa usiku mmoja. Kwa soketi ya kawaida kazi hiyohiyo huchukua karibu siku nzima. Hata hivyo, chaja hiyo huvuta ampea 32, na hita ya maji ya bafuni huvuta zaidi ya 20, hivyo kama laini yako ni ya ampea 60, pasi na birika vinatosha kuuzima umeme wa nyumba yote. Mwite fundi umeme mwenye leseni apime laini na waya wa ardhi kabla ya kununua gari, si baada yake. Mpangaji wa ghorofa ambaye msimamizi wa jengo hajampa ruhusa kwa maandishi hana gari la umeme bado, hata kama funguo anazo mfukoni.

Safari ya Mombasa inawezekana, lakini inataka mpango. Gari hili lina uzito wa zaidi ya tani mbili, na kulipandisha kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, mita 1,700 hivi juu, hula takribani uniti 11 kwa kupanda peke yake, kabla ya kuhesabu upepo na kiyoyozi. Kwa hiyo panga vituo kwa kufuata safari ya kurudi, na upige simu kila kituo asubuhi ya siku hiyo badala ya kuitegemea ramani ya simu.

Nimalizie na betri ndogo ya volti 12, ambayo wanunuzi huisahau. Jamaa yangu mmoja aliliacha gari lake uwanja wa ndege kwa wiki tatu. Aliporudi, betri kubwa ilikuwa na zaidi ya nusu ya chaji, lakini milango haikufunguka, kwa kuwa ile ndogo inayoamsha kompyuta na kufuli ilikuwa imekufa. Alisimama mvuani na masanduku yake akibonyeza funguo. Siku ya kukabidhiwa gari, mwambie muuzaji akuonyeshe mahali pa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, tundu lake mlangoni, na sehemu za kuunganishia waya za kuamshia betri hiyo, kisha ufungue mlango kwa mkono wako mwenyewe mbele yake.